Namba Iliyofutwa kwa Jina la Nakhisa

Nakhisa Wangila alikuwa mtu wa kuandika tarehe kwenye kila kitu. Hata chupa ya mafuta ya kupikia, nyumbani kwake Kasubi, ilikuwa na siku iliyofunguliwa. Majirani walimcheka. Waache wacheke! Tabia hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalinda watoto wa mtaa wa Bwaise, mpaka bosi wake alipoivuruga.

Alivuka mpaka kutoka Webuye mwaka 2001, akaajiriwa kuandika programu katika ofisi ndogo ya Olanya huko Nsambya. Miaka minane baadaye kazi yake kubwa ilikuwa programu ya zahanati moja ya Bwaise: unaingiza uzito wa mtoto, inakupa dozi. Kipande cha kukokotoa dozi hawakukiandika wao. Walikichukua kwa watu wa ng'ambo ambao hawakuwahi kuwaona. Kwa hiyo katika ghala la ofisi, ule mfumo unaotunza kila badiliko pamoja na saa na jina la aliyelifanya, Nakhisa aliweka mstari mmoja: chukua kipande cha wale watu, toleo la 41. Hilo hilo, si jingine. Toleo jipya likitoka, alilijaribu wiki nzima ndipo abadilishe namba.

Olanya hakupenda kusubiri. "Nyinyi Wakenya mnajisifu mna haraka, kumbe wewe kobe," alimtania kila mara.

Alhamisi moja asubuhi ilikuja simu ya Zuleika, mtoa dawa wa zahanati, Mnubi mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Nakhisa! Komputa yako inasema mtoto ya kilo saba nimpe vijiko tatu, mara tatu kwa siku! Unataka niue mtoto ya watu?"

Zuleika hakuwa amempa, mkono wake uliozoea ulikataa. Nakhisa alifungua ghala. Namba 41 haikuwepo. Bila namba, programu ilichukua toleo jipya kabisa, na humo wale watu walikuwa wameamua kutoa dozi ya siku nzima badala ya dozi ya mara moja. Aliyefuta: nakhisa. Jumatano, saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi.

Na hapo ndipo hasira ilipompanda. Ofisi nzima ilitumia jina lake! Yeye ndiye aliyelifungua ghala, na Olanya hakuona haja ya kila mtu kuwa na neno lake la siri. Alimwomba mara tatu. Mara tatu alichekwa.

Adhuhuri yeye na Olanya walikuwa zahanati kwa Zuleika. Olanya alimnyooshea Zuleika karatasi aliyoichapisha. "Jina ni hili, soma. Leo leo namfukuza kazi." Nakhisa alisimama pale pale, na yule mwanamume, aliyekula chapati zake miaka minane, hakumtazama hata usoni.

Nakhisa alitoka hadi getini kwa askari wa zahanati, Okot, mwenye kitabu ambacho kila mgeni lazima aandike jina, saa ya kuingia na ya kutoka, hata awe amekuja mara mia.

"Nyabo, mama yangu, kitabu haitoki hapa geti."

"Basi njoo nacho mwenyewe."

Okot akaja amekikumbatia. Jumatano: Nakhisa W., kuingia saa nne, kutoka saa saba. Zuleika akaweka kidole juu ya mstari.

"Saa tano alikuwa na mimi hapa, ananifundisha hii komputa. Hata chai tulikunywa. Sasa wewe bosi, nani alikuwa ofisi?"

Olanya alijikuna shingo. "Mimi nilitaka tu tupate vitu mpya."

"Mtoto angekufa kwa jina langu!" Nakhisa alifoka. Akachomeka modemu ya intaneti kwenye komputa ya Zuleika, akafungua katika ghala jina jipya: olanya. "Keti, bosi. Rudisha namba. Na maelezo uandike wewe."

Olanya aliangalia mlango. Okot alikuwa ameuziba na kitabu chake. Akaketi. Aliandika kwa kidole kimoja: Nilifuta namba bila kuuliza. Nimeirudisha.

Zuleika akaingiza kilo saba. Kijiko kimoja.

Ndipo Nakhisa akalifuta jina lake ndani ya ghala, akamwambia Olanya kazi ameiacha, atafute mwingine wa kujifichia. Kisha akamfuata Okot getini, akaandika saa yake ya kutoka.