Nimemzushia Kifo Mama wa Mtu Aliyeniuliza Tu Natokea Wapi

Habari zenu ndugu zangu. Admin, nifichie jina, maana wanafunzi wenzangu wengi wapo humu. Mimi ni binti wa miaka ishirini, nipo mwaka wa kwanza chuo kimoja hapa Arusha, nimepanga chumba Elerai. Kwetu ni Kondoa. Baba alishatangulia mbele za haki, nimelelewa na mama peke yake, anauza maandazi na chai, na kwa jasho hilo ndiyo nimefika hapa.

Nilipofika chuo nilidhani marafiki wanakuja wenyewe. Wenzangu walikuja wakiwa wanajuana, wengine walisoma shule moja, wengine wanasali kanisa moja. Mimi ni mpole sana mbele za watu. Nilikuwa nanunua chipsi nakwenda kula chumbani nimefunga mlango, ili majirani wasione kwamba kila siku nipo peke yangu. Kuna wikendi niliongea na muuza duka tu. Na kila jioni mama alikuwa anapiga simu, swali lake la kwanza: "Mwanangu, umeshapata wenzio?" Ningemwambiaje kwamba sina, wakati yeye anaamka alfajiri kukanda unga kwa ajili yangu?

Siku moja darasani dada mmoja anaitwa Neema (siyo jina lake halisi) alisogeza begi lake nikakaa. Akaniuliza, "Umetokea wapi?" Nikamwambia Kondoa. Akasema kwao ni Nkoaranga, huko juu mlimani. Mwalimu akaingia, tukanyamaza. Ni hayo tu, wala jina langu hakuliuliza. Jioni nikamwambia mama nimepata rafiki. Mama alifurahi mpaka nikasikia anawaambia majirani. Basi nikaendelea. Leo nimepika na Neema, leo Neema kanisindikiza sokoni, leo Neema kaniletea ndizi za kwao. Nilikuwa nikikata simu najisikia kama kweli nilikuwa na mtu.

Mama akasema, "Nipe namba ya mama yake Neema nimshukuru, amezaa mtoto mwema." Nikababaika. Jibu lililonitoka ni hili: "Mama, Neema hana mama. Alishafariki." Mama yangu naye alifiwa na mama yake akiwa mdogo. Alilia kwenye simu. Tangu hapo akawa anamuulizia Neema kabla hajaniuliza mimi, na wanawake wenzake wa msikitini wakawa wanamwombea yule yatima wa Arusha.

Mwezi uliopita mama akaja bila taarifa, kapata lifti ya jirani anayefuata mzigo. Alinipigia akiwa getini mwa chuo. Nilipomfikia alikuwa ameshawauliza wanafunzi, "Jamani, Neema wa Nkoaranga mnamjua?" Wakamwita. Neema akaja, akainama kidogo, "Shikamoo mama." Mama hakuitikia hata marahaba, alimkumbatia palepale mbele za watu. "Pole mwanangu. Pole sana kwa kufiwa na mama. Kuanzia leo mimi ndiye mama yako."

Neema alinitazama juu ya bega la mama. Nilitikisa kichwa kumsihi asiseme, machozi yananilenga. Nilijua anafungua mdomo kuniumbua. Akasema, "Asante mama."

Tukakaa kantini watu watatu. Mama akampa doti ya kitenge na kopo la visheti. Akamuuliza mama yake alikuwa anaumwa nini. Neema akainamisha uso, "Naomba tusiongelee hayo, mama." Mama akafuta macho kwa mtandio akasema binti huyu ana subira.

Mama alipoondoka nikamweleza Neema kila kitu. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Mama yangu ana presha. Kila nikipigiwa simu kutoka nyumbani moyo unaruka. Wewe umemzika kwa simu, ukiwa umekaa kitandani?" Nikasema, "Nisamehe, nilikuwa mpweke." Akajibu, "Na mimi ungeniambia hivyo, ningekaa na wewe. Mbona rahisi." Akanirudishia kitenge, akaondoka.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilianza kukwepa vipindi tunavyosoma pamoja. Nilijua chuo kizima kitanicheka, lakini hakumwambia mtu hata mmoja, na hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Juzi akanisubiri mlangoni mwa darasa. "Jumamosi naenda nyumbani. Twende wote, tumkatie mama majani ya ng'ombe. Vaa viatu vya kufunga, njia ni ya mlima." Nikamuuliza kama mama yake anajua. Akasema, "Sijamwambia. Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako. Ukishamaliza hilo, ndiyo tutaanza kufahamiana." Nikasema nitamtafuta.

Huku nako mama amemshonea Neema gauni, anataka likizo nije na Neema Kondoa. Ameshawatangazia wenzake kwamba anampokea mtoto wake wa pili. Nikisema ukweli, atakayeaibika mbele ya wale wanawake ni yeye, na hakuna alichokosa zaidi ya kuniamini. Nikinyamaza, nitakuwa namwomba Neema aendelee kumfanya mama yake marehemu.

Ndugu zangu, mnaweza kunitukana, nastahili. Ila nisaidieni na ushauri. Jumamosi ni keshokutwa. Kuna mama mmoja nimemuua na mwingine nimemdanganya. Nianze na yupi?