Gunzi Mdomoni mwa Mpira

Kila jioni Hosea aliukamua mpira wake wa bomba maji yote, akaukunja, akautundika stoo mbali na jua, ncha zote mbili amezifunga kwa nailoni safi. Asubuhi hiyo aliukuta chini, kando ya bomba, umezibwa kwa gunzi la mahindi.

Alilichomoa, akanusa. Alizeti.

Madereva wa safari ndefu wanaopita Iguguno walijaza maji ya kunywa kwake kwa sababu ya usafi wa mpira huo. Hakuwa mtu wa maneno. Mpira ndio uliomsemea. Na jirani yake, ukuta kwa ukuta, ni Melkiori, mume wa dada yake, mwenye mashine ya kukamua alizeti, aliyechota hapohapo maji ya kuioshea.

"Shemeji, umehamisha mafuta kwa mpira wangu?"

"Wangu umepasuka," alisema Melkiori bila kugeuka. "Nimeshauosha na sabuni ya unga. Au ulitaka niukande na maji ya moto kama mzazi?"

Vibarua wake wakaangua kicheko.

"Ni wa maji ya kunywa."

"Kwani mafuta hayaliwi? Ningepitisha dizeli ungenuna. Haya ni chakula, bwana!"

Hosea alijua mafuta yanavyong'ang'ania ndani ya mpira, yakapata joto, yakachacha, maji yakatoka yananuka.

Hapo likaingia gari la watalii, lile lenye vitanda na jiko humohumo. Dereva wake, Calist, akateremka.

"Hosea, jaza tangi! Leo tunalala porini, na nina watoto wadogo ndani."

Kabla Hosea hajafungua mdomo, Melkiori alishauchomeka mpira bombani na kufungulia maji, anaburuta ncha kwenda kwenye tangi. "Achana na bubu huyo. Nakujazia mimi."

Hosea aliingia stoo akatoka na panga. Aliukata mpira palepale bombani. Maji yakaruka, yakamlowesha Melkiori kifuani.

"Una wazimu wewe!"

"Usijaze," Hosea alimwambia Calist. "Mpira umepitishwa mafuta. Na sina mwingine."

Calist aliokota kipande, akanusa, akatema mate. "Basi nitajaza Singida." Akapanda gari, akaondoka bila kuaga.

"Umeona?" Melkiori alicheka huku akijikamua shati. "Mteja huyo kaenda. Kula usafi wako sasa!"

Hosea alifunga bomba kwa kufuli.

Jioni dada yake, Aneth, alikuja na ndoo kichwani. Hosea akamfungulia, akangoja ijae.

"Maji ya kunywa njoo saa yoyote," alisema. "Ya kuoshea mashine aje mumeo mwenyewe, na mpira mpya mkononi."

"Hatakuja, kaka. Si unamjua?"

"Basi aioshe kwa mafuta."

Akabana kufuli, akatia ufunguo mfukoni.