Koki Iliyovaa Tyubu Tatu

Mwalimu Kaimenyi alifundisha Kiswahili hapa Ruiri miaka thelathini na moja, na sijui ni watoto wangapi aliowachapa kwa kushindwa kumalizia ile methali ya usipoziba ufa. Mimi ni mmoja wao. Siku hizi ni jirani yake, ua wetu ni mmoja, kwa hivyo ninayosema nimeyaona.

Nyumba yake ilikuwa na koki moja ya kufungia maji, ukutani karibu na mlango wa chumba cha kulala. Aliiweka mwenyewe mwaka wa tisini na tatu na tangu hapo hakuizungusha hata nusu. Ilipoanza kuvuja aliivisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Cha kwanza kilipochoka akaongeza cha pili, halafu cha tatu. Fundi Njue alimwambia hiyo koki imekwisha, kuibadilisha ni kazi ya saa moja, na mpya ikiwekwa iwe inazungushwa mara kwa mara isigande. Mwalimu, kwa hekima yake, alimsahihisha ngeli kisha akamsindikiza hadi getini.

Mkewe, Mama Kiunga, alimwomba pia, mwaka baada ya mwaka. Yeye alikuwa na sababu. Chini ya kitanda aliweka gunia la mbegu ya njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, kwa kuwa stoo ni ya panya. Mbegu hiyo alipewa na mamake alipoolewa, na ndiyo aliyopikiwa kila alipojifungua. Mamake alishazikwa, na mbegu ya namna hiyo huipati dukani. Mwaka huu shamba lilikuwa tayari, alingoja mvua tu.

Jumanne, siku yetu ya maji ya mradi, Mama Kiunga akaenda mkutano wa kina mama kanisani. Huku nyuma mfereji wa jikoni ukaanza kudondosha maji, na mwalimu akaamua kubadilisha washa, ile raba ya ndani, mwenyewe. Ingekuwaje mtu wa chuo ashindwe na kijiraba? Akaivua koki tyubu zake, akaizungusha, ikakataa. Akaleta spana, ikakataa. Akaleta nyundo. Koki ikakatika shingo, na maji yanayoteremka toka mlimani yakampiga kifuani.

Mtu wa kawaida hapo angepiga mayowe kwa Kimeru. Mwalimu wetu, la! Alimpigia simu Mutwiri, anayeshika koki kubwa ya mradi kule juu, akamwambia kwa Kiswahili cha mtihani: “Mutwiri, tafadhali nifungie maji upesi.”

Sasa, Mutwiri amefanya kazi hiyo miaka tisa na hajawahi kuona mtu wa Ruiri akiomba kufungiwa maji. Simu zake zote ni fungua na ongeza. Tena huku kwetu funga na fungua huchanganywa kila siku. Akawaza, maskini, mzee naye ameanza kuchanganya. Kwa heshima ya mwalimu wake wa zamani, akaifungua hadi mwisho.

Kwa saa mbili mwalimu alifagia maji na kumlaani Mutwiri, huku akinihakikishia kwa juu ya ua kwamba hali imedhibitiwa. Nilijua kuna mambo niliposikia Mama Kiunga amerudi na analia. Niliingia nikakuta maji yanafika kwenye vifundo vya miguu. Nilimpigia Mutwiri nikamtukana kwa Kimeru, akaelewa mara moja.

Tulivuta gunia pamoja. Njahi zilikuwa zimefura, nyingine zimepasuka ganda. Tulizianika, lakini wingu lilikaa palepale siku mbili bila kutoa jua wala mvua, na mbegu iliyolowa haingoji mtu. Siku ya tatu zilianza kunuka. Niliumia, nisidanganye, na mimi si ndugu yake.

Mama Kiunga alichambua zinazolika, maana ya kupanda haikubaki hata moja, akabandika sufuria, akatuita mimi na Njue. Mwalimu alikuwa ametayarisha maelezo marefu kuhusu Mutwiri na elimu ya siku hizi. Mkewe alimwekea sahani mbele yake.

“Kula, Mwalimu,” alisema. “Hiyo ndiyo ya mama. Hakuna ingine.”

Mwalimu alishika kijiko. Kisha akala, punje kwa punje, na sisi wote tukamtazama hadi akamaliza.