Divai Iliyokatazwa Kuchacha

Neno lililoiharibu divai yetu ni "kuchacha". Nalitaja mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mkosaji mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilitoka Geita, nilikokuwa nikipima sampuli za mawe mgodini, nikapata kazi ya ukarani katika nyumba kongwe ya watawa vilimani, upande wa Ushirombo. Divai ya misa ilifika kwa treni hadi Isaka, kisha kwa lori, na masika ikikolea haikufika kabisa. Ndiyo maana bruda mmoja alikuwa amepanda mizabibu nyuma ya kanisa. Miaka sita ilizaa majani. Wa saba ikazaa zabibu. Padre Mkuu, aliyelitamani shamba lile kwa karanga, akakata shauri: akionja divai baada ya wiki mbili, mizabibu itabaki, la sivyo, itang'olewa. Tangu siku hiyo Bruda hakula vizuri.

Tulikamua zabibu zote, tukapata pipa moja dogo. Kitabu cha Bruda cha kutengenezea divai kilitaka mahali penye joto, na asubuhi za kule ni za baridi, kwa hiyo tukaliweka katika stoo ya jikoni. Jikoni alitawala mama mmoja wa Kisumbwa, mjane, aliyewapikia watawa tangu kabla ya vita. Bruda alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamwagiza kwa Kiswahili chake cha vitabuni.

"Mama, nakuachia pipa hili. Likichacha, uniite mbio."

"Bruda, katika jiko langu hakijachacha kitu. Na hiki hakitachacha."

Bruda alidhani anatiwa moyo.

Kila siku baada ya misa ya asubuhi tulikwenda kupima. Nilikuwa na daftari, kipimajoto na ufito wenye alama. Siku ya kwanza tulikuta pipa lina joto. Bruda akanisomea ukurasa: maji ya zabibu yakianza kugeuka divai, hutoa joto yenyewe. Akalikumbatia pipa. Siku ya pili alibandika sikio pipani asikie mapovu, akaungua. Nikaandika: "Mapovu hayakusikika. Sikio jekundu."

Kilichonitatiza ni kina, kilichopungua kila asubuhi. Bruda alikipekua kitabu chote asione sababu, akakifunga, akanitazama. Kisha akaniomba, kwa upole mwingi, nimpumulie usoni. Nilimpumulia siku tatu mfululizo. Siku ya nne nilimwomba naye anipumulie, ili vipimo viwe sawa. Nilipata kitunguu tu.

Siku ya kuonja, Padre Mkuu alikuja na bilauri yake na kipande cha mkate cha kusafishia ulimi. Bruda akafungua bomba la pipa. Hakikutoka kitu. Tukaliinamisha. Likajitokeza tone moja jeusi, likaning'inia, likafikiri, likarudi ndani. Padre Mkuu akageuka kutazama shamba, nami nikajua anaona karanga. Bruda akaketi juu ya gunia la mahindi.

Mama mpishi akaitwa. Alieleza bila wasiwasi kwamba kila alfajiri, tukiwa misani, aliyachemsha yale maji kama achemshavyo maziwa, akayarudisha pipani. Hakukosa hata siku moja.

"Lakini mimi nilitaka yachache," Bruda akasema.

Mama alimtazama kwa huruma. "Ungesema yaive, Bruda. Pombe huiva. Yanayochacha ni maharage."

Akaongeza kwamba amepika pombe ya mtama tangu usichana wake, na hiyo divai angeiivisha bila kitabu. Bruda alijifunika uso.

Wakati huo Padre Mkuu alikuwa ameingiza kijiko pipani, akapaka uji mtamu mzito uliosalia humo kwenye mkate wake. Alitafuna. Akaagiza mkate mwingine.

"Mwakani itakuwepo hii?" akauliza.

"Padre, hii si divai."

"Nimeuliza kama itakuwepo."

Bruda akasema itakuwepo. Mchana ule alikula sahani mbili. Daftarini nikafunga hesabu: "Divai, hakuna. Mizabibu, ipo."

Msimu uliofuata Bruda alilipeleka pipa jikoni mwenyewe, akatamka taratibu neno alilolifanyia mazoezi mwaka mzima: "Mama, yaive."

Mama akasema amechelewa. Padre Mkuu alikwishapita asubuhi, akaagiza yachemshwe.