Raketi ya Mama Mkwe na Maharage Yangu

Leo mama mkwe amenikuta napiga maharage kwa raketi yake ya tenisi.

Jamani, sikujua! Mtoto mgongoni, usingizi machoni, fimbo ya kupuria siioni. Nikaona raketi ya mbao juu ya kabati, nikasema hii inatosha. Na inapiga vizuri, nisiwadanganye.

Mara huyo mlangoni, katoka kijijini kwake Milepa bila taarifa. Nikapiga goti, raketi mkononi.

"Shikamoo mama."

Aliitazama raketi. Nyuzi mbili zimekatika.

Nikajua leo narudi kwetu.

"Nani kakufundisha kushika hivyo?" akauliza. "Unapiga kwa kiwiko!"

Kumbe enzi za Ujamaa, akiwa karani hapa Sumbawanga, alikuwa bingwa wa tenisi. Fainali alimfunga bwana shamba mmoja mbele ya ofisi nzima.

"Alikuja nyumbani kudai marudiano," akasema, "akaishia kuniposa."

Bwana shamba huyo ni marehemu baba mkwe. Na raketi ndiyo ile ile ya fainali, aliyomwachia mwanawe.

Nikalia, nikaomba msamaha. Yeye akaviringisha soksi za mtoto zikawa mpira, kamba ya nguo ikawa wavu. Yeye raketi, mimi kifuniko cha sufuria.

Kanifunga sita bila. Ana miaka sabini na mbili, kavaa kandambili!

Maharage yamebaki nusu gunia. Amesema nikipata hata pointi moja, atayapiga yeye.

Nimemwambia sawa mama, marudiano kesho, ila kifuniko sikitaki tena.

Mnaojua tenisi, nifundisheni hapa chini. Haraka.