Maswali Kumi na Mawili ya Kendu Bay

Ndugu zangu, mlinituma, nami nimekwenda na kurudi. Mnakumbuka kikao chetu cha Pasaka, sebuleni kwa mama hapa Nyalenda. Watu tisa tulisema kwa zamu jinsi tunavyompenda Odero, na watu tisa hao hao hatukuwa na chumba. Mama alikuwa ameketi katikati yetu. Tangu alipopatwa na kiharusi mwezi wa Januari, mkono wa kushoto ndio unaomtii, maneno hayajarudi. Kwa miaka thelathini na zaidi yeye peke yake ndiye aliyemtunza Odero, kitinda mimba wetu asiyezungumza, ambaye daktari mmoja aliandika jina la hali yake na daktari wa pili akalikata. Mkaamua atafutiwe makao mazuri. Mimi ni mwalimu mkuu, nimezoea kukagua, na shule zilikuwa zimefungwa, basi kazi ikawa yangu.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, nilipanda baiskeli ya boda boda kutoka Manyatta hadi Mamboleo. Makao ya kwanza yako ng'ambo kidogo ya njia panda. Kuta zimepakwa rangi, sakafu inang'aa, na kila kitanda kimetandikwa. Wanaume kumi na wanne walikuwa wameketi kwenye mabenchi, vichwa vimenyolewa, hakuna anayecheka wala kunong'ona. Nimefundisha miaka ishirini na sijawahi kupata darasa tulivu namna ile. Niliona wivu.

"Huyu ni mtu wa namna gani?" nilimuuliza msimamizi, bwana mmoja aliyevaa tai, nikimwonyesha mtu wa benchi la kwanza.

"Huyo hana shida."

"Na huyu?"

"Hata huyo hana shida. Hapa hakuna mtu iko na shida, Mwalimu. Huyo wako leta hata kesho."

Juu ya Odero aliniuliza jambo moja tu: saizi ya nguo. Kwenye mguu wa kila benchi palikuwa na kamba fupi, nikadhani ni za kuanikia nguo. Nikatoa daftari nikaandika: tisa juu ya kumi. Ile alama moja niliikata kwa sababu sikupewa chai.

Jumanne, saa tatu, nilipanda meli katika bandari ya Kisumu. Ningeweza kurudi nyumbani na tisa yangu, lakini mlisema nione makao mawili, na mimi hufuata maagizo. Magugu maji yalikuwa yameifunga bandari, meli ikachukua muda mrefu kujitoa. Nikautumia muda huo kuandika sentensi za kuisifu Mamboleo.

Adhuhuri tulitia nanga Kendu Bay. Makao ya pili ni nyumba ya mabati juu ya kilima kidogo, na nilisikia kelele zake kabla sijaiona. Mtu mmoja alikuwa akiimba mstari mmoja bila kuchoka, mwingine akilizunguka tangi la maji. Ndani, sufuria mbili zilikuwa zimetegwa chini ya mabati yanayovuja. Nikaandika nne, na ya nne niliitoa kwa huruma.

Mwenye nyumba, Mama Dorsila, alitoka jikoni na unga mikononi. Alinipa chai kwanza. Tukiwa bado tunakunywa, mvua ikaanza kupiga mabati. Mwanaume mmoja aliyekuwa akibambua njugu karibu nasi alianza kutetemeka na kujipiga kichwa. Mama Dorsila hakukatiza hata mazungumzo. Alichukua blanketi kwenye msumari, akamzungukia mpaka akawa mbele yake, akamfunika kichwa. Mikono ya yule mtu ikarudi kwenye njugu, ikaendelea kubambua chini ya blanketi.

"Julius huwezi kumguza kutoka nyuma," alisema. "Na chai yake lazima ipoe. Hiyo nilifunzwa na dada yake." Akafungua daftari la shule, akanionyesha kurasa mbili za Julius, kisha mbili nyeupe. "Sasa, Mwalimu, huyu wako. Mimi sichukui mtu kama sijui yeye ni nani. Maswali ni kumi na mbili."

Jina nililijua. Mwaka wa kuzaliwa nilikuwa na hakika nao.

"Anakula nini?"

"Anakula kila kitu."

"Hakuna mtu anakula kila kitu. Akitaka maji anafanya aje?"

"Hazungumzi."

"Nimesikia hazungumzi. Nauliza anafanya aje."

Sikujua. Anaogopa nini, sikujua. Analala akiangalia wapi, sikujua. Akifurahi utaonaje, nikasema nitauliza nyumbani, kisha nikakumbuka ni nani anayejua na kwa nini hawezi kusema. Nilipata mawili kati ya kumi na mawili. Shuleni kwangu mtoto wa namna hiyo hurudia darasa.

"Enda ukae na yeye," alisema Mama Dorsila, akiandika maswali yake kwenye zile kurasa mbili, kisha akazichana na kunipa. "Ukijua, mlete. Kitanda chake kitangoja."

Jumatano, katika meli ya kurudi, nilimtazama baharia akifunga kamba. Zile za Mamboleo zilikuwa na urefu wa mkono mmoja. Hakuna nguo inayoanikwa kwenye kamba ya urefu ule. Niliikata tisa yangu, na nikaona aibu mpaka nikashindwa kula. Afisa wa maendeleo ya jamii amepokea barua yangu juu ya kamba zile; anatafuta faili ya kuiweka.

Tangu alasiri ile niko hapa Nyalenda, narudia darasa. Odero hakishiki kikombe kilichovunjika mkono. Akiwa na kiu hukiweka kikombe chake magotini pa mtu, na nimehesabu mara ngapi alikiweka magotini pangu katika kikao chetu cha Pasaka nami nikakirudisha mezani: mara tatu. Samaki anakula, mradi samaki huyo asigusane na ugali. Hulala akiutazama mlango. Kila jioni namsomea mama ninachodhani ni jibu. Akigonga meza kwa mkono wa kushoto, ni kweli. Akifumba macho, nimekosa. Siku ya kwanza alifumba mara nyingi, na ule mwaka wa kuzaliwa wa Odero niliokuwa na hakika nao ulikuwa miongoni mwa makosa. Siku ya sita niliposoma kwamba akifurahi hushika pindo la leso ya mama na kulisugua shavuni, mama aligonga meza mpaka chai ikamwagika. Sote wawili tulilia. Odero aliondoa kikombe chake mahali palipolowa.

Kumi na moja nimeyajibu. Swali la kumi na mbili mama hawezi kulisahihisha. Linauliza ni nani watakaokuja kumwona, na siku gani. Mama Dorsila amepiga mistari tisa, maana nilimwambia tuko tisa. Kwenye wa kwanza nimeandika jina langu, na Jumamosi. Karatasi iko juu ya meza ya mama, na kalamu iko juu yake. Nyumba mnaijua.