Alilegeza nyuzi za besi miaka kumi bila mwimbaji wake kujua

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, mvua inapiga bati la karakana ya seremala Bah Trosing Marbaniang (Bah ni “kaka” kwa Kikhasi) hapa Mawlai, Shillong, kaskazini-mashariki mwa India. Milango miwili ya mteja imeegemezwa ukutani ikisubiri bawaba, lakini fundi haiangalii. Ameinamia gitaa lake la besi, tupa nyembamba mkononi, anapanua mfereji mmoja kwenye kipande cha mfupa kinachopitisha nyuzi juu ya shingo ya gitaa.

Anasugua mara tatu, anapuliza vumbi, anajaribu uzi. Hauingii. Anasugua tena mara mbili.

“Mlango ukiukosea unabandika kipande, unapaka rangi, mwenye nyumba hajui,” anasema bila kuinua kichwa. “Huu mfupa ukizidisha kidogo tu, umeharibu gitaa zima.”

Uzi anaouhangaikia ni mnene karibu mara mbili ya waya wa breki ya baiskeli. Ameuagiza Guwahati pamoja na wenzake watatu kwa rupia 3,400, fedha ambayo bendi humlipa kwa harusi moja na kidogo. Nyuzi za kawaida zingemgharimu nusu ya hapo, ila za kawaida hazimfai. Besi ya kila mtu mjini hapa, uzi wake mnene kuliko zote hutoa noti ya E. Besi ya Trosing haijatoa E kwa miaka kumi na moja.

Kwa miaka kumi ya hiyo, jambo hilo lilikuwa siri. Walioijua walikuwa yeye, mpiga gitaa mwenzake Wallam Khongsit na mpiga ngoma wao. Asiyeijua ni mtu mmoja tu, naye ndiye waliyekuwa wakimfichia.

Mtu huyo ni Kong, yaani Dada, Balarin Nongrum, mwenye umri wa miaka 61, mwimbaji wa bendi ya Sur Mawlai tangu ilipoanzishwa. Anayemfahamu Kong Balarin hahitaji kuelezwa kwa nini watu wazima watatu walimwogopa.

Mwaka 2009 mwimbaji mmoja wa mjini alishusha nyimbo zake kwa sababu ya umri. Kong Balarin, ambaye nyimbo zake zote zilikuwa za E, alimcheka mbele ya watu, kisha akaapa. Trosing anakumbuka kiapo hicho neno kwa neno: “Siku nitakayoimba chini ya E, na jukwaani nitashuka siku hiyohiyo. Nitaenda sokoni Iewduh nikauze tambuu.”

Ni mwanamke anayetimiza anachosema. Aliwahi kuapa kwamba hatapanda gari la shemeji yake, na ni mwaka wa kumi na tisa sasa anapita pembeni yake kwa miguu, kwenye mvua.

Ilipofika mwaka 2014, kwenye harusi moja mjini Jowai, sauti yake ilikatika juu kabisa ya kibwagizo. Alikwenda nyuma ya jukwaa, akanywa maji ya moto, akarudi na kusema ni vumbi.

“Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo,” anasema Trosing. “Vumbi lingetoka wapi? Lakini nani amwambie?”

Wiki iliyofuata alimwita Wallam karakanani, akafunga mlango. Akamweleza kwamba wakilegeza nyuzi zote nusu sauti, vidole vyao vitabaki palepale na nyimbo zitashuka zenyewe. Kong Balarin hakuwahi kujifunza ala yoyote. Alikulia kwenye kwaya, ambako do huwa popote mwalimu anapoiweka. Alijua alama moja tu ya E: wimbo ukianza na mkono wa kushoto wa Trosing ukawa hauigusi shingo ya besi, basi uzi mnene unalia wazi, na hiyo ni E. Kila wimbo, kabla hajafungua kinywa, aliutazama mkono ule.

“Nikamwambia, Bah, hii kitu ikijulikana mimi sikuwepo,” anasimulia Wallam huku akicheka. “Nitasema nilikuwa naumwa. Miaka yote hiyo.”

Bendi haikuwa tena na kinanda, kwani mpigaji wake alishahamia Guwahati, kwa hiyo hapakuwa na chombo cha kuwaumbua. Jumamosi iliyofuata Kong Balarin aliutazama mkono, akauona hauko shingoni, akaimba. Kibwagizo alikifikia bila kukaza shingo.

“Alishuka jukwaani akaniambia, ‘Umeona? Lilikuwa vumbi.’ Nikasema, ‘Kweli, Kong.’”

Walishusha tena mwaka 2018, na mara ya tatu mwaka 2022. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Uzi uliolegezwa sana huchezacheza na kugonga vyuma vya shingoni, sauti ikawa kama ya bati bovu. Trosing alilazimika kununua nyuzi nene, kuchonga mifereji upya, kunyoosha shingo ya gitaa na kubadilisha spika. Alimwambia Kong Balarin kwamba ile ya zamani iliingiwa na maji. Pakiti za nyuzi alizificha ndani ya kopo la misumari, kwa sababu ya unene ulioandikwa juu yake.

“Mke wangu aliziona akadhani ninamficha hela,” anasema.

Septemba mwaka jana, bendi ikiwa mazoezini kwa ajili ya harusi ya Daia, binti kitinda mimba wa Kong Balarin, ambaye kwa desturi ya Wakhasi mumewe angehamia kwa mama mkwe, mwimbaji alikunja karatasi yake ya maneno akasema, “Nikishamwimbia mwanangu, basi. Tafuteni mtu mwingine.” Kisha akachukua mwavuli wake akaondoka.

Hakutoa sababu. Trosing hakuhitaji kuambiwa, au ndivyo alivyodhani. Alijua moja kwa moja kwamba siri imefichuka na mama yule anatimiza kiapo chake. Kama hilo halikutosha, kanisani ambako harusi ingefanyika kulikuwa na piano, na mpigaji wake alishaandika kwa mkono wake juu ya karatasi: E.

Kwa siku tatu hakula vizuri. Alipiga randa mbao za mlango wa mteja, akapiga na kupiga, mpaka ubao ukawa mwembamba usiofaa hata kwa kabati.

“Mke wangu akaja akaushika ule ubao, akaniambia, ‘We baba, nenda kamwambie yule mama. Ukikaa hapa wiki nyingine utatumalizia msitu.’”

Alikwenda alasiri ya Jumatano, besi mgongoni imefungwa kwa mfuko wa plastiki. Kong Balarin alimkaribisha, akamsogezea sinia la tambuu kama inavyopasa. Trosing hakuligusa. Alianza kusema akiwa bado amesimama.

“Kong, nimekuja kukuambia kitu—”

“Kaa kwanza. Tafuna. Umekuja kunidai, hutaki tambuu yangu?”

Akakaa, akatafuna. Mwenyeji akamtazama mpaka alipomeza. Mgeni akasema yote kwa pumzi moja: Jowai, nyuzi, mkono wa kushoto, kopo la misumari. Kong Balarin hakukasirika. Hakuelewa.

“Unasema siimbi kwa E?”

“Huimbi, Kong.”

“Tangu lini?”

Badala ya kujibu, Trosing alimwomba aweke kaseti yao, ile waliyorekodi mwaka 1995, ambayo mama huyo huisikiliza kila Jumapili akipika. Uso wa Kong Balarin ukabadilika.

“Hiyo redio mbovu,” alisema. “Inakimbia, nyimbo zinatoka juu kuliko tunavyozipiga. Nimeipeleka kwa fundi wa Iewduh mara tatu, kabadilisha mpira, kabadilisha mota, bado inakimbia. Nimemtukana yule kijana mpaka nikachoka.”

“Weka tu, Kong.”

Kaseti ikaanza. Trosing alikiegemeza kichwa cha besi kwenye ukuta wa mbao ili sauti ipite bila spika, ujanja anaoujua kila fundi seremala aliyewahi kugusa gitaa. Akauachia uzi mnene wazi. Ukuta ukatetema, na sauti ikagombana na kaseti vibaya mno. Alimwomba mama aweke kiganja ukutani. Kisha akashika kikaza uzi, akaanza kukaza polepole.

“Hii ni 2022,” alisema. Akakaza tena. “Hii 2018.” Uzi ukawa unalia kwa kukazwa, naye akaogopa ungemkatikia usoni. “Na hii 2014. Jowai.”

Ukuta na kaseti vikawa kitu kimoja. Kong Balarin mwenye umri wa miaka 31 alikuwa akiimba ndani ya redio, na uzi ule ulikuwa chini yake sawasawa, bila ugomvi wowote.

Kong Balarin aliacha kiganja chake ukutani mpaka wimbo ukaisha. Trosing alijikaza kusubiri matusi.

“Kumbe redio ni nzima,” mama alisema.

“Nzima, Kong.”

“Na simu?”

Trosing hakujua habari ya simu. Ndipo akaambiwa. Mpwa wa mama huyo aliihamisha kaseti hiyo kwenye simu ili kumwondolea adha ya redio, na simu nayo ikawa “inakimbia”. Simu haina mpira wala mota. Kong Balarin akaona basi, kilichoharibika si mashine, ni masikio yake. Alikwenda peke yake hospitali kupima. Daktari akamwambia anasikia vizuri kwa umri wake, naye akaamua kuwa daktari anamwonea huruma. Miezi minne alilala na hofu hiyo bila kumwambia hata binti yake. Ndiyo maana alitaka kuacha kuimba. Kiapo hakikuwamo kichwani mwake hata kidogo.

“Nilijiambia, mkwe anahamia kwangu na mimi kiziwi,” Kong Balarin anamwambia mwandishi huyu. “Atakuwa ananisengenya mezani nami namwongezea wali!”

Jumatano ile alikaa chini kwenye kigoda, akafunika uso kwa shali yake, mabega yakitikisika. Trosing hakujua kama analia au anacheka, na mama mwenyewe anasema hata yeye hakujua.

“Masikio yangu mazima!” alisema alipofunua uso. “Trosing, mpuuzi wee, masikio yangu mazima!”

Trosing naye machozi yakamtoka. Hafichi hilo. Anasema alijisikia mwepesi mpaka akala sahani mbili za jadoh, wali wa nyama, iliyobaki mchana, baada ya siku tatu za kulazimisha tonge. Lakini alijisikia vibaya pia, na anataka liandikwe. “Tulidhani tunamfanyia wema. Kumbe tunamtia wazimu. Ningemwambia mwaka ule wa kwanza, angenitukana wiki moja, yakaisha.”

Matusi yenyewe yalikuja baada ya jadoh, na yalikuwa ya kutosha. Yalipokwisha, Trosing alimkumbusha kiapo kwa sauti ya chini. Kong Balarin alijifunga shali yake vizuri.

“Mimi sijashuka,” alisema. “Nyinyi ndio mmeshuka. Mimi nilikuwa nimesimama palepale.”

Kesho yake alikwenda Iewduh na sinia la tambuu na kilo mbili za nyama ya nguruwe, akamwomba radhi fundi redio mbele ya wateja. Wanaofanya kazi jirani na kibanda hicho wanasema hawakuwahi kuona kitu kama hicho, na fundi alikuwa na wasiwasi mpaka nyama ilipoiva.

Siku ya harusi, mpiga piano alipouliza kwa adabu kama bado ni E, Kong Balarin alimjibu kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma: “Mwanangu, E niliiacha zamani. Muulize Bah Trosing, yeye ndiye anayejua niko wapi.”

Trosing akamtajia noti wanayoimbia sasa. Mpiga piano akachana karatasi yake. Wimbo ukaanza, uzi mnene ukalia wazi, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Kong Balarin hakuutazama mkono wa kushoto wa mpiga besi wake. Alimtazama binti yake.

“Mimi nilikosea noti mbili pale,” anakiri Trosing. “Nilikuwa nimezoea kuangaliwa.”

Na sababu ya tupa ya asubuhi hii ni hii. Wiki iliyopita, mazoezini, Kong Balarin alisimamisha wimbo katikati. Zamani angekohoa akasingizia vumbi. Safari hii aligeuka akasema mbele ya wote, “Bah, nishushie kidogo.” Wallam anasema walitazamana watatu wao, kisha mpiga ngoma akaanza kupiga makofi.

Uzi mpya unaingia mferejini. Trosing anaukaza mpaka mahali pake, nusu sauti chini ya ule wa zamani, anauachia wazi, na vikombe vya chai kwenye rafu vinatetema. Anatabasamu, lakini anatikisa kichwa. Anasema gitaa hili limefika mwisho. Chini ya hapo shingo yake ni fupi mno, uzi hauna urefu wa kusema vizuri.

Kwa hiyo ana mpango. Juu ya mihimili ya karakana kuna ubao wa mfenesi alioulaza ukauke tangu Januari. Krismasi ikifika anataka awe amechonga besi yake mwenyewe, yenye shingo ndefu kuliko zote zilizopo Shillong, itakayoweza kushuka mpaka B na bado ikasikika vizuri. Hajawahi kuchonga gitaa. Amechonga milango zaidi ya elfu.

Mlango unasukumwa, Kong Balarin anaingia akikung’uta mwavuli. Amekuja kusikiliza uzi mpya, anasema, ingawa mazoezi ni saa nane. Anainua macho kwenye mihimili, anautazama ubao wa mfenesi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

“Shingo uifanye ndefu, Bah,” anasema. “Mimi sina mpango wa kufa karibuni.”